Magoti, presha na vidonge vya pinki: kisa cha mama wa Mufindi

Mama huyu ana miaka 57. Alichuma chai Mufindi tangu usichana wake, akaacha magoti yalipoanza kumsumbua, na sasa analima viazi na maharage kwenye mteremko nyuma ya nyumba yake. Presha anayo, na ni mgonjwa wa mfano: hakosi kliniki, kila asubuhi anakunywa losatani miligramu 50 na haidroklorothiazidi 12.5, ambayo ni dawa ya kukojoza, chumvi kapunguza. Mwaka uliotangulia kipimo cha figo kilisoma kriatini 84 (ni taka ya damuni ambayo hupanda figo zikishindwa kuichuja), yaani hakuna neno. Kisa nimekiunganisha kutokana na mambo yanayojirudia mno huku nyanda za juu kusini, kwa hiyo asitafutwe mtu. Lakini dozi, vipimo na mfuatano wa mambo ni vya kawaida kabisa, na mhudumu wa afya wa Mafinga au Mbalizi hatashangaa.

Faili lake linaonyesha matatizo matatu yaliyoandikwa kwenye kurasa tofauti: presha iliyogoma kushuka, miguu iliyovimba, kisha damu iliyopungua ghafla pamoja na figo kushindwa. Kwa maoni yangu yote matatu yalikuwa na chanzo kimoja, na chanzo hicho hakikuandikwa popote katika faili hilo.

Jinsi ilivyokwenda

Ilianza Machi, wakati wa palizi. Magoti yalimkosesha usingizi, akamtuma mjukuu duka la dawa muhimu akalete "za maumivu". Zikaja diklofenaki za miligramu 50, za pinki, na maelekezo ya kutwa mara mbili kwa siku tano. Zilimfaa. Hapa tusidanganyane: dawa za kundi hili zinafanya kazi, ndiyo maana watu wanazipenda. Siku ya tatu alipanda mteremko na jembe begani bila kuchechemea. Dozi ilipokwisha maumivu yakarudi, mjukuu akatumwa tena, safari hii akiwa na ganda tupu la vidonge mkononi ili asikosee. "Waambie wakupe kama hizi." Kuanzia hapo hakuna aliyemuuliza mama lolote, maana hakuwepo dukani wa kuulizwa.

Juni ikaingia na baridi yake, ile ya ukungu usioondoka hadi saa nne asubuhi. Magoti yakakaza, na mara mbili kwa siku ikawa mara tatu. Julai kipimo cha presha kliniki kikasoma 164/98, kutoka 138/84 ya Februari. Akaulizwa kama anameza dawa zake, anameza. Chumvi je? Kapunguza. Akaongezewa amlodipini. Wiki chache baadaye vifundo vya miguu vikaanza kujaa. Sasa, amlodipini inaweza kuvimbisha miguu, na diklofenaki nayo inaweza, kwa kuufanya mwili ushikilie chumvi na maji. Zikiwa pamoja, kazi ni kujua ipi imefanya nini. Jirani akamwambia kuna dawa ya kutoa maji. Akapata furosemaidi bila cheti, kidonge kimoja kila asubuhi, na miguu ikapungua kweli.

Madaktari wanaujua mtindo huu: dawa ya kwanza inaleta shida inayoonekana kama ugonjwa mpya, ugonjwa mpya unapewa dawa ya pili, na ya pili inaita ya tatu. Ile ya kwanza haishukiwi, kwa sababu ndiyo pekee inayompa mgonjwa nafuu anayoihisi.

Septemba alisafiri kwenda Uyole kwa bintiye aliyejifungua. Safari ya basi kutoka Mafinga kupitia Makambako na Chimala ni ndefu kwa mtu anayekunywa dawa mbili za kukojoza, kwa hiyo alifanya wanavyofanya akina mama wengi: hakunywa maji tangu jana yake, ili asije akamsumbua dereva asimamishe gari watu wachimbe dawa. Alipofika, binti akamwona anavyoshuka ngazi kwa kushika ukuta, akampa ibuprofeni za miligramu 400 zilizobaki alizopewa baada ya kujifungua. Mama mkwe wa binti akaleta chupa ya unga wa "dawa ya mifupa", haina lebo, imenunuliwa stendi. Shemeji mmoja akaongeza aspirini ndogo, ile ya miligramu 75, "ya kusafisha damu". Kila mmoja alitoa kwa upendo. Na kila mmoja alijua kile alichotoa yeye tu.

Baada ya wiki moja choo kikawa cheusi, chenye kunata, chenye harufu ngeni. Mama akasingizia mnafu aliokuwa akila. Kwa haki, vidonge vya madini ya chuma navyo huleta choo cheusi, lakini hakinati hivyo wala hakinuki hivyo. Siku mbili baadaye mkojo ukawa mchache, akiinuka anaona giza, na alfajiri moja akaanguka mlangoni akienda bafuni. Tumbo halikuwa limemuuma hata siku moja.

Hospitali: presha 90/56, mapigo 118 kwa dakika, wingi wa damu 6.4, kriatini 298, potasiamu 5.8. Mwanamke aliyekuja kulea mzazi sasa alihitaji kuongezewa damu, na moyo wake ulipaswa kuangaliwa kwa kipimo cha umeme, kwa sababu potasiamu ikizidi hivyo inaweza kuvuruga mapigo.

Mkoba ulipomwagwa

Daktari wa zamu, kijana, alimsalimia vizuri. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu." Akamuuliza anatumia dawa gani nyumbani. "Za presha tu, baba." Akaandika hivyo.

Mama hakuficha kitu. Kwake yeye dawa ni ile unayoandikiwa, yenye kadi na tarehe ya kurudi. Za maumivu ni za maumivu, kama mafuta ya kuchua. Swali lile lile angeulizwa mara kumi angetoa jibu lile lile, na lingekuwa la kweli kila mara.

Nesi aliyekuja kutundika dripu ndiye aliyebadili swali: "Mama, magoti yakikubana usiku unafanyaje?" Hapo yakatoka yote. Binti akatumwa Uyole kuleta mkoba, wakaumwaga kitandani, na pembe ya kitenge nayo ikafunguliwa fundo.

Kulikuwa na zile za pinki, diklofenaki 50, mara tatu kwa siku: hiyo ni 150, ambayo tayari ndiyo kikomo cha mtu mzima kwa siku. Kulikuwa na pakiti nyingine, rangi tofauti, jina tofauti, iliyonunuliwa kwa ajili ya kichwa. Ukisoma maandishi madogo ya nyuma, kila kidonge kina diklofenaki 50 na parasetamoli 500. Hizo alimeza mbili kwa siku. Jumla ya diklofenaki imekuwa 250. Juu yake ibuprofeni 400 asubuhi na jioni. Juu yake aspirini. Panadol pia ilikuwepo, mbili mara tatu, yaani gramu tatu za parasetamoli, na ukijumlisha gramu moja iliyojificha kwenye ile pakiti ya kichwa unagonga gramu nne, kikomo cha juu kabisa, kwa mama wa kilo 52. Majina matano, rangi tano, na manne kati ya hayo ni ya ukoo mmoja, ule wa diklofenaki, ibuprofeni na aspirini.

Chupa ya unga hakuna aliyeweza kusema ina nini. Dawa za viungo zisizo na lebo zimewahi kukutwa, katika nchi mbalimbali, zikiwa zimechanganywa kwa siri na diklofenaki, au na deksamethasoni na wenzake wa jamii ya steroidi. Ndiyo maana nyingine "zinaponya" kwa siku moja. Steroidi ikikutana na dawa hizi za maumivu, hatari ya tumbo kutoka damu inapanda sana. Tena kuna jambo ambalo familia nyingi hazilijui: mtu aliyeitumia chupa kama hiyo kwa miezi asiiache ghafla akanyamaza. Mwili unaweza kuwa umeshapunguza kutengeneza homoni zake wenyewe, na akiacha tu anaweza kuzimia. Aende nayo chupa hospitali. Mama huyu aliitumia siku chache, kwa hiyo upande huo alisalimika.

Kulikuwa pia na tyubu ya jeli ya diklofenaki ya kupaka. Binti, kwa hasira, aliitupa hiyo kwanza. Nitairudia.

Tumboni na kwenye figo

Mwaka 1971 Mwingereza John Vane alionyesha kwamba aspirini na jamaa zake hufanya kazi kwa kuuzuia mwili kutengeneza prostaglandini, na mwaka 1982 akawa mmoja wa waliopewa tuzo ya Nobel. Prostaglandini ndizo zinazoleta uvimbe na maumivu gotini. Shida ni kwamba hizo hizo ndizo zinazoliamuru tumbo litengeneze ute wa kujikinga na asidi, na ndizo zinazoifungua mishipa ya figo mwili unapokuwa na maji machache. Kidonge hakichagui. Kikizuia, kinazuia kote.

Kwa sababu hiyo, ushauri wa "meza baada ya kula" una faida ndogo kuliko tunavyouamini. Chakula kinapunguza kuchoma kwa pale kidonge kinapogusa. Hakirudishi ule ute. Na wale wanaosema wachomwe sindano ili dawa isipite tumboni, kama binti alivyouliza siku ile, wajue kwamba dawa inafika tumboni kwa njia ya damu, ipite mdomoni au takoni. Sindano ya diklofenaki inapendwa sana kwetu, mtu asipochomwa anahisi hakutibiwa. Ila kwa tumbo haina unafuu wowote, na yenyewe ina hatari zake za jipu na za kuumiza mshipa wa fahamu wa takoni.

Lipo pia suala la bakteria wa tumboni, Helicobacter pylori, ambaye wengi wetu tunaye tangu utotoni bila kujua. Peke yake anaweza kuleta kidonda, na akikutana na dawa hizi hatari inaongezeka zaidi. Kipimo cha kamera kilimkuta mama na kidonda kilichotoka damu, na bakteria yumo. Mbona tumbo halikuuma? Vidonda vinavyoletwa na dawa hizi mara nyingi haviumi mpaka vinapotoka damu, na mtu mwenyewe anameza dawa za kuua maumivu. Kungoja tumbo liume ndipo uache ni kungoja dalili ambayo wengi hawaipati.

Figo nazo zilibanwa kwa njia yake. Fikiria simtanki linalosukuma maji kupita kwenye chujio lenye bomba la kuingilia na bomba la kutokea. Dawa mbili za kukojoza, safari bila maji na damu iliyokuwa ikivuja vimeshusha kina cha tanki. Diklofenaki na ibuprofeni zimebana bomba la kuingilia. Losatani, dawa nzuri tu katika siku za kawaida, imelegeza bomba la kutokea. Msukumo kwenye chujio unakwisha. Mkojo unapungua, kriatini inapanda, na potasiamu, ambayo losatani na diklofenaki zote mbili huizuia isitoke, inajaa mwilini. Mchanganyiko huu wa watatu, yaani dawa ya presha ya jamii ya losatani au enalaprili, dawa ya kukojoza, na dawa ya maumivu ya ukoo huu, unajulikana vizuri kwa wataalamu wa figo. Mgonjwa anaweza kuishi nao wiki nyingi bila neno, kisha siku moja ya kuharisha, kutapika au safari ndefu ya basi ikatosha.

Na presha? Dawa hizi huipandisha, kwa wastani milimita chache za kipimo cha presha, kwa wengine zaidi, na zinapunguza nguvu ya losatani na ya dawa za kukojoza. Sisemi milimita zote zile za Julai zililetwa na kidonge cha pinki. Maumivu na kukosa usingizi navyo hupandisha. Nasema tu kwamba kabla ya kuongeza amlodipini ilistahili kuulizwa.

Nani angeuliza

Ni rahisi kumtupia lawama mtoa dawa wa dukani. Mimi siko huko. Mpango wa maduka ya dawa muhimu ulianzia huku huku kusini, Ruvuma, mwaka 2003, kwa kuwapa mafunzo wauzaji na kuyasimamia maduka, kwa sababu vijijini duka ndilo lililo karibu kuliko zahanati. Mtoa dawa anayejua kazi yake angemshauri mama vizuri, lakini mbele yake alisimama mtoto wa darasa la nne mwenye ganda na shilingi mkononi. Angeweza hata hivyo kuuliza, "Ni za nani? Bibi ana presha, sukari au vidonda?" Mtoto wa umri huo anajua kama bibi yake anakwenda kliniki. Na angeweza kuandika kwenye bahasha siku ya mwisho ya kumeza, badala ya "1x3" peke yake, ambayo haina mwisho.

Kliniki ya presha ilikuwa na nafasi nzuri zaidi. Kila mwezi mama alikaa kwenye benchi moja na wenzake wa rika lake, na ukiwaangalia wanavyoinuka kwenye benchi hilo unajua nusu ya jibu. Mtu wa miaka 57 aliyepanda na kushuka vilima maisha yake yote ana magoti yanayouma hadi athibitishe vinginevyo. Kwa hiyo swali la kwanza presha inapogoma liwe la yule nesi: ukiumwa unafanyaje? Halafu: nionyeshe. Usiulize dawa, uliza maumivu. Ningependa swali hilo liandikwe kwenye kadi ya kliniki kama linavyoandikwa lile la kumeza dawa kwa wakati.

Nisieleweke vibaya kwamba dawa hizi ni sumu. Kijana wa bodaboda wa Mwanjelwa, miaka 24, kateguka kifundo, figo nzima, hana vidonda, anakunywa maji: ibuprofeni 400 mara tatu kwa siku, siku tatu hadi tano, ni tiba nzuri na ya bei nafuu. Msichana mwenye maumivu ya hedhi vilevile. Mjamzito aliyevuka wiki 20 asizitumie bila daktari, maana zinaweza kuathiri figo za mtoto na baadaye mshipa wa moyo wake. Na mzee anayelazimika kuzitumia kwa muda anapaswa kupewa dozi ndogo, siku chache, na omeprazoli ya kulinda tumbo tangu siku ya kwanza. Omeprazoli lakini inalinda tumbo tu. Figo na presha haizihusu. Wapo wanaoimeza kama ruhusa ya kuendelea na diklofenaki mwaka mzima.

Kuhusu ile aspirini ya shemeji: mtu aliyewahi kupata kiharusi au shambulio la moyo akaandikiwa na daktari asiiache kwa kusoma haya. Mama hakuwa na lolote kati ya hayo. Kwake ilikuwa ni kuongeza damu ya kuvuja, basi.

Magoti bado yanauma

Alipewa damu uniti mbili, dripu, omeprazoli ya mshipani, na dawa zote za maumivu na za presha zikasimamishwa kwanza. Potasiamu ilishuka kwa matibabu, dayalisisi, yaani kusafishwa damu kwa mashine, haikuhitajika. Siku ya sita kriatini ilikuwa 160. Alitoka na dawa za siku 14 za kumuua yule bakteria. Wiki sita baadaye kriatini 98, damu 10.8, na presha 136/82 akiwa na amlodipini peke yake, kidonge kimoja. Miguu haijavimba tena, nayo amlodipini ni ile ile.

Kwenye kadi yake kumeandikwa kwa Kiswahili, herufi kubwa, kwamba asipewe diklofenaki, ibuprofeni wala aspirini ya kumeza au ya sindano, na kwamba akiharisha au kutapika afike kituoni kabla ya kuendelea na dawa za presha.

Lakini kumwambia mtu asimeze kitu si kumtibu magoti. Hapa ndipo ushauri mwingi unapoishia, na ndipo wagonjwa wanaporudi dukani kimyakimya. Parasetamoli kwa magoti yaliyosagika husaidia kidogo tu, na mama alikuwa anajua hilo kabla yetu. Mazoezi ya paja yana nguvu kuliko yanavyoonekana: akae kwenye kiti, anyooshe goti, ahesabu hadi tano, ashushe, mara kumi kila mguu, asubuhi na jioni. Wiki ya kwanza aliona ni mchezo, ya nne akaanza kuinuka bila kushika meza. Fimbo aliyokuwa ameishika upande wa goti bovu alihamishiwa mkono wa pili, na hilo peke yake likampunguzia mzigo. Viazi anachambua akiwa amekaa kwenye stuli, halafu mteremko wa nyuma ameukodisha.

Ile jeli iliyotupwa ilikuwa ndiyo kitu sahihi kuliko vyote mkobani. Dawa inayoingia kwenye damu kwa kupaka ni sehemu ndogo sana ya ile inayoingia kwa kumeza, na kwa goti, lililo karibu na ngozi, inasaidia vizuri. Ingeanza hiyo Machi, huenda pakiti za pinki zisingefuata. Kwa sasa, kwa kuwa figo zimetoka kuumia, daktari ameiruhusu kwa goti la kulia tu, kwa wiki mbili, kisha kriatini irudiwe. Ikibaki chini ya 100, la kushoto litapakwa pia na mazungumzo ya kurudisha losatani yataanza. Ikipanda, ataandikiwa rufaa ya kliniki ya mifupa achomwe sindano ya ndani ya goti. Kamera ya pili ni Novemba, kuhakikisha kidonda kimefunga na kwamba hakikuwa kitu kingine.